Bustani chini ya avoka: mwenye kosa yuko nyuma ya mlango

Mvua za mwezi wa tisa zikikaribia, katika avenyi nyingi za Bukavu jembe linatolewa nyuma ya mlango. Parseli ni ndogo, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mahali pekee palipobaki wazi ni chini ya mti wa avoka uliopandwa na babu, au uliokutwa pale siku parseli iliponunuliwa. Udongo wa pale ni mweusi na laini, unanuka majani yaliyooza. Mama wa nyumba anautazama na kusema: hapa lenga-lenga itaota. Kijana anapewa jembe. Analima mpaka karibu na shina, anatupa pembeni mizizi myembamba inayong'oka kama nyuzi za mfuko, na ule mnene unaomzuia anaukata kwa panga. Jioni vitalu vitatu viko tayari, na kila mtu anafurahi.

Miaka miwili au mitatu inapita. Avoka inaanza kupoteza majani juu kabisa, kwenye ncha. Majani yanayobaki yanakuwa madogo, yenye rangi ya kijani iliyofifia. Matunda yanaanguka yakiwa na ukubwa wa yai. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Kuna jirani mwenye wivu. Kuna mtu aliyemwaga chumvi usiku. Jua la siku hizi limekuwa kali, si kama zamani. Jembe halitajwi na mtu yeyote, kwani siku ile ya kulima imekwisha kusahaulika na lenga-lenga yake imekwisha kuliwa. Lakini mara nyingi mwenye kosa hatoki kwa jirani. Yuko palepale nyuma ya mlango, mpini wake umeegemea ukuta.

Si kwamba watu wanalima uwanjani kwa kujifurahisha. Tangu mwezi wa kwanza 2025 Goma ilipoingia mikononi mwa M23, na Bukavu mwezi wa pili uliofuata, jamaa nyingi zimehesabu senti kwa namna ambayo hazikuwahi kuhesabu. Benki zilifunga milango, kazi zilipotea, barabara za kuleta vyakula zikawa na mashaka, na nyumba ya watu sita ikapokea ndugu wengine watano waliokimbia vijiji vyao. Fungu la lenga-lenga linalochumwa nyumbani ni fungu ambalo halikununuliwa sokoni Kadutu wala Virunga. Mtu anayemcheka mama anayelima mita mbili za udongo chini ya mti hajui anachokisema.

Tatizo ni kwamba mama huyo anaweza kupoteza chakula kikubwa kwa kutafuta kidogo. Avoka iliyokomaa na yenye afya inaweza kuzaa mamia ya matunda kwa msimu mmoja, bila kumwagiliwa, bila mbegu ya kununua. Ile iliyopandwa kwa kokwa inaweza kungojewa miaka mitano hadi kumi kabla ya kuzaa tunda la kwanza. Mti ukifa leo, mtoto anayeanza shule ya msingi mwaka huu anaweza kuimaliza kabla ule wa badala yake haujatoa kitu.

Chanzo cha kosa lenyewe ni picha ambayo karibu kila mtu anayo kichwani: kwamba mizizi ya mti inashuka chini kama vile matawi yanavyopanda juu, kwa hiyo jembe la mtu haliwezi kuifikia. Picha hiyo si ya kweli. Kwa miti mingi mikubwa, sehemu kubwa ya mizizi iko katika sentimita 60 za kwanza za udongo, na ile midogo inayonyonya maji na chakula iko juu zaidi, mara nyingi ndani ya sentimita 30. Tena haiishii pale kivuli kinapoishia. Inatembea mbali kupita ncha za matawi, mara mbili au hata mara tatu ya upana huo, inapita chini ya njia, chini ya choo cha jirani, chini ya jiko. Mti unafanana zaidi na glasi ya mvinyo iliyosimamishwa juu ya sahani pana kuliko na mti mwingine uliogeuzwa kichwa chini.

Avoka imezidi miti mingi kwa jambo hili. Mizizi yake ya kulisha iko juu sana, mingi katika sentimita 15 au 20 tu, na inapanda hata kuingia ndani ya majani yaliyooza ikitafuta unyevu. Ndiyo maana udongo wa pale ni mzuri hivyo. Uzuri huo ambao mama anauona na kuutaka kwa lenga-lenga umetengenezwa na mti wenyewe kwa miaka ishirini ya kuangusha majani, na mti unaendelea kuutumia. Yeye anaona shamba tupu, lakini pale mahali tayari pana mwenyewe.

Na mizizi inapumua. Hilo watu wengi hawajaambiwa shuleni. Mzizi unahitaji hewa iliyo katikati ya chembe za udongo, na ukikosa hewa unakufa hata kama maji yapo tele. Kwa sababu hiyo kuna njia mbili za kuua mti kwa bustani: kukata mizizi, au kuiziba. Bukavu inatumia ya kwanza, Goma inatumia ya pili, na inastahili kuzitazama zote mbili.

Bukavu ni mji wa milima. Kule Kadutu, Panzi au Bagira, mtu anayetaka kitalu kwenye mteremko hawezi kulima tu. Lazima kwanza apate mahali tambarare. Basi anachimba upande wa juu, anasukuma udongo upande wa chini, na ngazi inapatikana. Mti uliokuwa katikati unakatwa mizizi yake yote ya upande wa juu, na ile ya upande wa chini inafunikwa na udongo wa nusu mita. Kwa kazi ya siku moja, maovu yote mawili yamefanyika. Tena mizizi minene iliyo karibu na shina haifanyi kazi ya kunywa tu. Ndiyo nanga inayoushika mti usianguke. Ukiikata ya upande mmoja, majani yanaweza kubaki ya kijani kwa muda mrefu, mti ukaonekana mzima kabisa, mpaka usiku mmoja wa upepo na mvua.

Goma ni hadithi nyingine. Lava ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, na chini ya hiyo kuna lava za zamani zaidi. Hakuna anayelima kwa jembe mahali pa mawe. Watu wananunua udongo, unaletwa na gari au na chukudu, unamwagwa uwanjani. Na unamwagwa wapi? Palepale penye kivuli, kuzunguka mti uliojitafutia njia ndani ya nyufa za mawe. Udongo mzuri mweusi unapanda sentimita 30, 40, unagusa shina, unaligandamana. Mwenye parseli anaamini amempa mti zawadi. Kwa kweli ameziba nyufa zilizokuwa zinaingiza hewa na maji. Gome la shina halikuumbwa kukaa ndani ya udongo wenye unyevu, nalo linaanza kuoza pole pole. Sentimita kumi au kumi na tano za udongo mzito zinaweza kutosha kuudhoofisha mti mkubwa. Kuna watu wa Goma ambao miti yao ilipona karibu na moto wa volkeno, kisha ikafa kwa lori moja la udongo wa bustani.

Ugumu wa kulieleza jambo hili ni kwamba mti haufi siku hiyohiyo. Kuku akigongwa na pikipiki, kila mtu anajua ni nani alimgonga. Mti mkubwa una akiba ndani ya shina na matawi, unaishi kwa akiba hiyo mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine hata mitano. Mara nyingine mwaka wa kwanza baada ya kukatwa mizizi unazaa sana, na watu wanasema: mnaona, kulimia kumeusaidia. Halafu kuna ugonjwa wa kuoza mizizi, unaoijua avoka vizuri katika nchi zote zinazoilima. Unapenda udongo uliojaa maji na unaingia kwa urahisi zaidi katika mti uliokwisha kudhoofika. Tena unasafiri ndani ya udongo, yaani unaweza kuja na lori, au na jembe lenye tope lililoazimwa kwa jirani. Kwa hiyo jirani anaweza kuwa na sehemu katika kifo cha avoka, ila bila uchawi wowote, na bila yeye mwenyewe kujua.

Baada ya jembe na lori kuna adui wa tatu, na huyu kumsema ni vigumu zaidi kwa sababu anaitwa usafi.

Katika miji ya mashariki mwa Congo, nyumba yenye heshima ni nyumba yenye uwanja uliofagiliwa. Asubuhi na mapema msichana wa nyumba anainama na ufagio, na jani moja lililolala chini ni aibu. Siku ya salongo avenyi nzima inatoka, inakwangua majani na nyasi mpaka udongo mwekundu unang'aa, kisha takataka zinakusanywa na kuchomwa. Zinachomewa wapi? Mara nyingi chini ya mti, kwa kuwa pale pana nafasi. Jivu la makala nalo linatupwa hapo, na maji ya sabuni ya kufulia, na mbuzi anafungwa hapohapo akizunguka kamba yake mwezi mzima mpaka udongo unakuwa mgumu kama barabara.

Hakuna anayeomba salongo iachwe. Mifereji iliyoziba inaleta maji ndani ya nyumba, na Bukavu inajua maana yake. Lakini majani ya avoka yaliyolala chini ya avoka si takataka. Ni blanketi la mizizi na ni chakula chake cha mwaka kesho. Yanalinda udongo usipigwe na matone ya mvua na kukimbilia kwa jirani wa chini, yanashika unyevu katika miezi ya sita, ya saba na ya nane. Wakulima wa kahawa upande wa Kalehe na Idjwi wanajua faida ya kufunika udongo kwa majani ya migomba. Mtoto wao akija kuishi mjini anafundishwa kufagia. Wanaosema majani yanaleta mbu watazame vizuri zaidi makopo, matairi ya zamani na ndoo zisizofunikwa, kwani mbu anazaliana katika maji yaliyosimama. Wanaoogopa nyoka wana haki ya kuogopa, nao wanaweza kufagia mbele ya mlango na njia yote, na kuachia mti duara lake lenye tabaka jembamba la majani, lisilozidi upana wa kiganja, ambalo halificha kitu kikubwa. Majani yasirundikwe kwenye shina lenyewe. Nafasi ya shibiri moja ibaki wazi ili gome likauke.

Je, basi bustani chini ya mti ikatazwe? Hapana. Iwekwe kwa masharti ya mti.

Sharti la kwanza ni kujua mpaka, na mpaka unapimwa kwa kamba. Kamba inazungushwa kwenye shina kwa urefu wa kifua cha mtu mzima, inakatwa pale inapokutana. Ikinyooshwa chini mara nne kutoka kwenye shina, inaonyesha eneo ambalo mti hauwezi kulipoteza bila kuumia. Shina lenye mzunguko wa mita moja na nusu linadai mita sita kila upande. Wakaaji wengi watacheka hapo, na wana sababu: mita sita kila upande ni kubwa kuliko parseli yenyewe. Ni kweli. Katika kartie zetu mti mmoja mkubwa unakalia parseli tatu, na hilo ni jambo la kuzungumza na majirani, sio la kufuta mti. Lakini hata pale pasipo nafasi, kamba mbili za kwanza zisiguswe kabisa na jembe. Huko ndiko iliko nanga. Kutoka kamba ya pili mpaka ya nne mtu anaweza kupanda, kwa mkono.

Kwa mkono maana yake ni hii: hakuna kitalu. Kuna vishimo vidogo, kila kimoja cha ukubwa wa kikombe, vinavyochimbwa kwa kisu cha zamani au kwa mwiko wa fundi mwashi. Kisu kikigonga mzizi mnene kama kidole gumba, kishimo kinafunikwa na kingine kinatafutwa hatua moja pembeni. Mche unaopandwa uwe mdogo, maana mche mdogo unahitaji shimo dogo. Mbolea iliyooza inanyunyizwa juu, unene wa vidole viwili tu, na majani yanarudishwa. Magugu yanang'olewa yakiwa bado madogo. Mistari haitakuwa iliyonyooka kama ile ya shule ya kilimo, na mgeni atakayepita atadhani ni vichaka. Mwache adhani.

Kisha kuna swali la nini cha kupanda, na hapa watu wengi wanapoteza mbegu bure hata kabla ya kuuumiza mti. Lenga-lenga inataka jua. Maharagi yanataka jua, tomati zaidi. Chini ya avoka yenye matawi mazito vyote vinarefuka, vinakuwa vyembamba, vinalala. Kulima pale kwa ajili yao ni kulipa mara mbili. Muhogo kwa ajili ya sombe unataka jua nao, na tuta lake na kung'olewa kwake ni balaa kwa mizizi. Mahali pa kivuli chepesi, ukingoni, matembele yanaweza kufaa: kipande cha shina la viazi vitamu kinachomekwa kwa kijiti, majani yanachumwa, na viazi vyenyewe vinaachwa chini bila kutafutwa. Nderema inavumilia kivuli kiasi. Mchaichai ukae ukingoni penye mwanga. Mti wa kahawa mmoja au miwili inaweza kusimama sehemu ya nje, kwani kahawa haikatai kivuli. Tangawizi, ambayo kuvuna kwake ni kuchimba, ikae ndani ya mfuko.

Mmea unaostahili sifa kuliko yote ni boga. Mbegu zake zinawekwa mbali, penye jua, hata kwenye kona ya ukuta au juu ya rundo la mbolea nje ya kivuli. Zikishaota, mashina yake yanaelekezwa kutambaa chini ya mti. Mizizi ya boga iko kule, majani yake yako huku, udongo wa mti umefunikwa, na mama anachuma majani ya boga bila mtu kupiga jembe hata mara moja. Ni ajabu kwamba njia rahisi namna hii haionekani zaidi katika parseli zetu.

Bustani za mifuko, ambazo watu wengi wa Goma wamezizoea, zinafaa pia. Ila mfuko uliojaa udongo na maji ni mzito. Mifuko kumi iliyopangwa duara kuzunguka shina inakandamiza na kuziba kama lori lile lile la udongo. Mifuko michache, iliyowekwa juu ya mawe matatu kama sufuria jikoni ili hewa ipite chini, upande unaopata jua, haina ubaya. Na katika miezi ya kiangazi, mtu anayemwagilia mifuko yake kwa bidoni kila jioni aangalie maji yanayotiririka chini yasisimame kwenye shina la avoka. Mti huo unachukia miguu yenye maji kuliko unavyochukia kiu.

Kuhusu miti mingine, maneno ni machache. Grevilea imezoea kuishi na mimea, ndiyo maana wakulima wa milimani wanaipanda katikati ya mashamba, lakini hata yenyewe haipendi panga kwenye mizizi. Miembe ya Uvira na Kalemie ina mizizi inayoshuka zaidi kuliko ya avoka, na kivuli chake ni kizito kiasi kwamba bustani bora chini yake ni viti vya wazee. Chini ya eukaliptisi mtu asisumbuke. Mti huo unakunywa sana na majani yake yanazuia mbegu nyingi kuota; nguvu za mama huyo zitafutiwe mahali pengine.

Kuna pingamizi ambalo halijibiwi kwa kamba wala kwa boga. Baba wa jamaa anaweza kusema: watoto wangu wana njaa leo, mti utanipa avoka baada ya miezi, na avoka yenyewe msimu ukifika bei inaanguka sokoni. Nataka parseli yote nipande mboga. Huyo ana haki ya kufanya hesabu yake. Lakini basi akate mti kwa makusudi, wakati wa kiangazi, kwa watu wanaojua kuuangusha, vipande kwa vipande, akiacha kisiki na mizizi ishike udongo kwa miaka michache huku akipanda mingine midogo ukingoni mwa mteremko. Hilo ni uamuzi. Jambo lisilokubalika ni ile nusu: kuukata mti mizizi kwa ajili ya vitalu viwili, kuuacha umesimama juu ya mabati ya jirani, na kusema Mungu atalinda. Mungu alishalinda kwa kuupa mizizi.

Nalo swali la mpangaji na mwenye parseli linahitaji kusemwa wazi, kwa sababu ugomvi mwingi unatoka hapo. Mpangaji amelipa garanti ya miezi mitatu au sita. Hajui kama mwaka kesho atakuwa hapo. Kwake yeye lenga-lenga ya wiki nne ina maana, mti wa miaka thelathini hauna. Mwenye parseli anakuja kuchukua kodi, anaona vitalu, anafurahi kwamba nyumba ina watu wenye bidii. Siku mti unapoanguka, kila mmoja anamwonyesha mwenziwe kidole. Dawa yake haina gharama: kabla ya kutoa funguo, mwenye parseli aonyeshe duara la mti kama anavyoonyesha mlango wa choo, na aseme nani anachuma matunda. Mpangaji anayepewa sehemu ya avoka ataulinda mti. Yule aliyekatazwa hata tunda moja hana sababu ya kuuhurumia.

Na wapo mafundi. Msingi wa ukuta, shimo la choo, mfereji wa bomba: kazi moja ya namna hiyo inakata mizizi kuliko bustani za miaka kumi. Mkuu wa avenyi, ambaye karibu kila mchimbo unapita machoni pake, anaweza kuuliza swali moja tu kabla ya kazi kuanza: mti huu unashika nini, na ukianguka utaangukia wapi? Inawezekana mfereji ukasogezwa mita tatu. Inawezekana bomba likapitishwa chini ya mzizi mnene bila kuukata, kwa kuchimba kwa mikono pale tu. Vyuo vya Bukavu na Butembo vinafundisha agronomia, na wanafunzi wake wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Siku moja ya salongo kwa mwezi wakipita katika avenyi kutazama miti iliyo juu ya nyumba, watajifunza kitu na wakaaji pia.

Wilaya ya Kalehe haijasahau tarehe 4 mwezi wa tano 2023, maji na mawe yaliposhuka Bushushu na Nyamukubi na kuchukua watu zaidi ya 400. Kusema kwamba avoka chache zingezuia mto namna ile ni uongo. Lakini mteremko mdogo nyuma ya nyumba, ule wa mita tano au sita, ni jambo jingine. Pale mizizi ya mti mmoja inashika udongo ambao jembe linataka kuulegeza wiki mbili kabla ya mvua.

Kwa parseli ambazo kazi imekwisha kufanyika, wakati wa kutazama ni sasa, udongo ukiwa bado mkavu. Mti ulioanza kuegemea upande ambao zamani haukuegemea. Udongo uliopasuka au kuinuka upande wa pili wa kuegemea huko. Uyoga kwenye shina au juu ya mizizi. Gome linalotoa maji meusi karibu na ardhi. Mwenye kuona moja ya haya aache vitalu vyake, aondoe udongo uliorundikwa kwenye shina mpaka mwanzo wa mizizi uonekane, arudishe majani, na amtafute mtu anayejua kupunguza matawi ya juu ili upepo usipate mahali pa kushika. Kama mti unaegemea nyumba ya chini, jirani huyo aambiwe kabla ya mvua ya kwanza, na kitanda cha watoto kihamishiwe upande mwingine.